Barua Iliyojaa Salamu

Moroni, Jumanne. Mvua ya asubuhi imekatika, mabati yanafuka mvuke.

Mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu jambo hili. Mara tatu mama amenituma ofisi ya mizigo bandarini kuulizia sanduku ambalo Koko, bibi yangu wa Mutsamudu, alilituma kwa meli. Mara tatu nimerudi nikasema, "Wamesema kesho." Sikuwauliza. Hata mlangoni sikufika. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikawatazama wanaume wakigombana dirishani, kisha nikapanda zangu Magoudjou, mtaani kwetu.

Ndani ya sanduku mna shiromani, nguo nyekundu na nyeupe ambayo Koko alijifunika siku ya harusi yake. Dada yangu Mariama anaolewa Ijumaa na anaitaka hiyo, si nyingine. Jana alilia. Mimi nikamletea maji.

Nilimletea maji!

Leo darasani Fundi, kama tuwaitavyo walimu, alitufundisha kuandika barua ya malalamiko. Bakari, ambaye mdomo wake hauna mlango, akauliza, "Fundi, na wale wazungu wa kambini tunaweza kuwalalamikia?" Sote tukainamia madaftari. Wazungu hao wana bunduki, na rais mwenyewe analindwa nao. Fundi akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

"Tuanze na bandari," akasema.

Basi nikaandika kuhusu sanduku, kwa Kifaransa changu kizuri kuliko vyote. Fundi akaichukua, akaisoma kwa sauti. Nilimsalimu mkuu wa mizigo, nikaulizia watoto wake, nikamwombea afya na safari ya Hija, nikaomba radhi kwa kumsumbua, nikamsalimu tena. Ukurasa ukaisha.

"Echati," akasema, "huyu bwana akimaliza kusoma atatuma wazee kwenu kuleta posa. Sanduku liko wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Uso uliniwaka, lakini nami nikacheka. Sanduku halikuwemo.

Tena sikuwa peke yangu. Hata Bakari alikuwa na mistari tisa ya salamu. Kwetu, ukienda kwa jirani kumdai kuku wako, unaanza na afya ya mama mkwe wake, na mara nyingine unarudi bila kuku.

"Salamu moja inatosha," alisema Fundi. "Halafu sema kimetokea nini, lini, unataka nini na kabla ya siku gani. Heshima haipungui."

Nikaandika upya. Mistari sita: jina la Koko, meli, siku ya kupakiwa, nguo ya bibi harusi, kabla ya Alhamisi.

Baada ya masomo niliteremka bandarini, nikavuka barabara, nikaingia. Nikamkabidhi karani barua. Akaisoma mara mbili.

"Nani kakuandikia, mwanangu?"

"Mimi."

"Sasa mbona hamkuja? Liko hapa tangu wiki jana, kila siku najigonga nalo goti!"

Nilimtafuta mchukuzi mwenye mkokoteni, tukalipandisha mpaka nyumbani. Mariama akakata kamba pale pale mlangoni. Sikungoja kumwona akijifunika. Nilimfuata mama jikoni, nikamwambia kwamba zile mara tatu sikuuliza kitu. Akanipa nazi na mbuzi ya kukunia.

Nikakaa, nikaikuna yote.