Mti wa Mbele wa Bahizi

Nyamyumba, Rubavu
4 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Narcisse,

Salamu nyingi zikufikie huko Ngara, wewe na wifi yangu Iribagiza na wote wa nyumbani. Goti lako linasemaje? Uliponiambia kwamba sasa unapanda kilima cha kanisani bila fimbo nilifurahi sana, ingawa najua unavyopenda kujisifu. Mvua je, zimeanza? Huku sisi ni wazima wa mwili. Habari za moyo utazisoma mbele.

Kabatesi wangu bado anavuka mpaka pale Grande Barrière kila asubuhi na ndoo yake ya nyanya, na mimi sili kitu nikashiba mpaka nimwone amerudi. Mume wangu Wenceslas kifua chake kimetulia. Daktari alimkataza vumbi la mbao, naye akaitikia vizuri, akarudi nyumbani akachukua msasa.

Régis wako hajambo, tena amenenepa. Mdogo wetu Bahizi amempa kazi katika ikipe yake mpya. Ndivyo wanavyoiita huku ile mitumbwi mitatu yenye miti mirefu ya kushikia wavu, iliyofungwa pamoja kwa kuvua sambaza, dagaa wa ziwa letu. Kwa kuwa kijana wako ni mwepesi, amewekwa mbele kabisa, penye mti mrefu unaotokeza juu ya maji na kushika wavu. Wavu ukikwama, yeye ndiye atakayeparamia mti huo kuukwamua. Nakuomba ulikumbuke jambo hilo unapoendelea kusoma.

Kazi yetu ya merikebu ndogo za mapambo haijambo. Wenceslas anachonga mwili, mimi nachonga milingoti na foromali zake, ile miti ya kutundikia matanga, maana anasema mkono wangu una subira kuliko mdomo wangu. Bado nafanya kama ulivyonifundisha kwenye karakana ya baba: napasua mti kwa panga, si kwa msumeno, ili chuma kifuate nyuzi zake, naupa pande nne, kisha nane, halafu nauviringisha kwa kipande cha chupa huku ukipungua kuelekea nchani. Wageni wa hotelini wanapenda merikebu za milingoti mitatu, ambazo ziwa hili halijawahi kuziona. Tunacheka, tunawachongea.

Lakini iko kazi nyingine tunayoifanya kwa ajili ya wavuvi wenyewe, na hiyo ndiyo imenikalisha niandike. Mtu akiunda ikipe mpya, vipande vinavyobaki kwenye ile miti yake mirefu tunaletewa sisi. Tunachonga mitumbwi midogo mitatu, tunaifunga kama mikubwa ilivyofungwa, na miti yake tunaitoa katika vipande vilevile. Inakaa sebuleni kwa mwenye mali wakati ziwa limefungwa ili sambaza wazae. Miti midogo ikibaki imenyooka mpaka ziwa lifunguliwe, wanasema mikubwa nayo ni mizima. Wewe hukutaka kamwe kusikia habari za ishara, najua. Lakini hii si ya waganga. Ni mti uleule mmoja, na mwembamba hukauka upesi kuliko mnene.

Kipande cha mti wa mbele wa Bahizi kilinitisha tangu nilipokipasua. Panga lilikwenda kando, halikutaka kushuka. Nyuzi zilikuwa zimejisokota kama kamba. Mkaratusi ule aliukata mbichi kwenye mteremko, akaupenda kwa urefu, kwa sababu hakuna mwenye mti mrefu kama huo ufukwe mzima. Nilichonga hivyo hivyo, nikautundika na jiwe chini yake ili ukauke umenyooka. Haukupita muda ukapinda kama mkia wa mbuzi.

Nilimwambia Wenceslas aipeleke mitumbwi kwa Bahizi na mti ukiwa vilevile umepinda, amwonyeshe, amwambie. Akaipeleka. Akarudi, akaendelea na kazi yake. Mimi nikajua yamekwisha, Bahizi anatafuta mti mwingine.

Jumapili nilikwenda kumsalimu mkewe, Mukeshimana. Nimeketi na chai yangu, nikainua macho kwenye kabati, nikauona mti wa mbele umenyooka kama mshale. Mbao yake ilikuwa nyekundu, na mkaratusi wetu ni wa manjano. Nikaugusa ncha: laini kabisa, umepigwa msasa, na mimi ncha zangu huzikwaruza kwa chupa tu. Kazi ya mkono wa mume wangu niliitambua kabla chai haijapoa.

Nyumbani nilimuuliza. Hakukana. Akasema, "Mama Kabatesi, mi nilitaka tu roho yake itulie. Mutu hawezi kukaa kwa nyumba na kitu kama ile, iko inamuangalia kila siku." Ule wa kweli alikuwa ameuficha nyuma ya kopo la gundi. Kwa huruma yake ameiponya ishara, ugonjwa akauacha majini. Nilimkasirikia mpaka nikakosa maneno, na unajua hilo kwangu si jambo la kila siku.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bahizi na mti uliopinda mkononi, Wenceslas nyuma yangu akiungama. Bahizi aliutazama, akacheka. "Bon, dada, sasa niamini gani? Ile imenyooka mi mwenyewe niliipokea, watu wote waliiona. Hii we umeitoa wapi? Na hata kama ni ya kweli, kamuti kako ni ya kuchezea, yangu iko ya kazi." Nikamwomba afungue ule mkubwa, aufunge mwingine hata kama ni mfupi. Akasema watu watamcheka, mti umeshapakwa rangi, na ziwa linafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo. Mama hakumkunja samaki huyu alipokuwa mbichi, sasa sisi tunahangaika naye akiwa mkavu.

Nimesema na Régis pia. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Shangazi, mi nikibaki siku ya kwanza, mjomba..." halafu akajirekebisha, "baba mudogo atasema niko mwoga." Ndiyo hayo tu. Anaogopa kuitwa mwoga kuliko anavyoogopa maji. Ziwa hili, kaka, halina ufuo wa kutambaa. Ukitoka kidogo tu kuna kina, na upepo wa mchana huja bila kubisha hodi.

Ninaogopa. Naliandika wazi ili usiseme sikukwambia. Kila nikipita pale mitumbwi ilipoegeshwa nauona mti ule, mwekundu kwa rangi mpya, na macho yangu yanakwenda yenyewe mahali mdogo wake unapoanzia kupinda.

Simu haitasaidia. Bahizi atasema nimekulisha maneno. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wetu ni wewe, na mti unaujua kuliko sisi wote. Uje mwenyewe, uweke mkono juu ya ule mkubwa mbele ya watu wake, useme. Hapo hatapata pa kuchekea. Sulaiman, anayepeleka mizigo Rusumo, ndiye aliyekuletea barua hii, na ukitaka atarudi nawe. Nimekufungia humu mti mdogo ule wa kweli, uuone kwa macho yako. Usikae kungoja goti lipone.

Nisalimie wifi Iribagiza, mwambie kikapu chake bado nakitumia. Nisalimie Gatesi na wanawe, na mzee Sebagabo jirani yenu. Mungu awatunze huko mliko, na huku atulindie wale watakaotoka kabla hujafika.

Dada yako akupendaye daima,
Uwera

Kaka, ningoje kidogo. Nilikuwa nauviringishia mti gazeti ndipo niliposikia umelia mkononi mwangu. Umepasuka, palepale unapoanzia kupinda, na tangu uchongwe haujabeba wavu wala mtu. Nimeufunga hivyo hivyo. Ufa utauona bila miwani. Sulaiman anapiga honi nje. Njoo.