Mtu Aliyejua Mwisho wa Filamu ya Khaled

Buyenzi, Bujumbura
14 Februari 2025

Mpendwa shangazi Sikuzani,

Assalaam alaikum. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Anouar imesaidia? Hapa baba anakohoa kidogo asubuhi, mama ni mzima, nami ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii.

Barua hii nampa Cirimwami, yule muuza mawese, aiweke mkononi mwako. Simu siiamini siku hizi.

Unajua kaka yangu Khaled anaandika filamu asizo na uwezo wa kuzipiga. Kwa hiyo tunazisoma kwa sauti katika kile kisinema cha Maxime. Waigizaji tunakaa jukwaani na karatasi zetu, Khaled anasoma maelezo, na watu wanajichorea picha vichwani. Wanapenda kweli.

Hii ya mwisho ilihusu wakala wa forodha aliyeona mizigo fulani ikishushwa bandarini, kisha akatoweka. Mi nilisoma sehemu ya mkewe. Khaled alituambia yote kaibuni mwenyewe.

Jumamosi mchana tulipoisoma, ukumbi ulijaa. Tulipofika pale mwili unapotupwa ziwani, mzee mmoja nadhifu, mwenye koti la kijivu, aliinuka mstari wa mbele.

"Apana, kijana," alisema kwa upole, kama mwalimu. "Hapo umekosea. Ule mutu hawakumutupa mu ziwa."

Watu wakacheka, wakidhani ni mwenzetu. Mi nikatazama karatasi yangu. Maneno hayo hayakuwemo.

Ndipo akasimama Benite, muuza vitenge wa pale jirani. Mumewe alikuwa wakala bandarini. Mwaka juzi alienda kazini, hakurudi.

"Basi walimuweka wapi? Bwana, nakuomba, mume wangu walimuweka wapi?"

Kicheko kikakatika. Mzee akafunga vifungo vya koti, akatoka. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Nyumbani Khaled alikiri: vipande vingine alivisikia kwa makuli wa bandarini. Jumatatu watu wawili walikwenda kwa Maxime kuuliza Khaled analala wapi. Kuanzia hapo gari lenye vioo vyeusi likawa linashinda mbele ya duka la Mohamadi, mkabala na nyumba yetu. Waliomo hawashuki, hawanunui kitu.

Baba akamwambia, "Enda kwa shangazi yako Kigoma. Leo hii."

Khaled akatoka na begi moja, apande ile boti inayoleta saruji. Alikataa nimsindikize. Jioni gari nalo likaondoka, tukamshukuru Mungu.

Shangazi, jana boti imerudi. Nahodha anasema alimngoja Khaled hadi akachoka, hakutokea. Sasa nafikiri najua kwa nini gari liliondoka.

Kama amekufikia kwa njia nyingine, usiandike jina lake. Mwambie Cirimwami "mgeni amefika", basi.

Nisalimie Anouar na Sumaya na wanawe. Mama anakusalimu sana. Analia, lakini anakusalimu. Mola awafiche nyote na jicho baya, na aliye njiani amfungulie njia.

Kesho tunasoma tena. Ameomba Benite, akitumaini yule mzee atarudi, na sehemu ya mke atasoma yeye mwenyewe. Maxime amekubali. Mimi nitakaa mahali pa Khaled.

Binti wa kaka yako, akupendaye daima,
Houda