Mabakuli Manane ya Bi Mahira

Bi Kauthar mpendwa, pokea salamu zangu na baada ya salamu nina jambo linaninyima raha, na naomba usinicheke, maana mwanzo wake utadhani ni la kompyuta na wewe gazetini na redioni huandikiwi mambo ya kompyuta, lakini nivumilie unisome mpaka mwisho, utaona ni la mtu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, kwetu Kaloleni, nafanya kazi Mbaraki katika kampuni ya kupeleka vifurushi majumbani, na kazi yangu ni kuzijaribu programu kabla wateja hawajaanza kuzitumia. Mteja akiagiza kitu kwa simu haifanyi kazi programu moja, ziko tano, moja hupokea agizo, moja huiarifu stoo, moja humtafuta mtu wa bodaboda, moja humwandikia mteja ujumbe, na ya mwisho huangalia sanduku likirudi, na kila moja ukiijaribu peke yake, huku zile nyingine umeziwekea bandia ya kujibu "sawa, sawa" kila ikiulizwa, inafaulu bila taabu, ila ukiziunganisha zote ni vurugu tupu, mteja anashukuriwa kwa kupokea mzigo ambao bado uko Mbaraki, na bodaboda wawili wanagombania sanduku moja. Ndipo mkubwa wangu, Bwana Arnold, akasema tuweke bandia kando, tujaribu jambo zima kwa sanduku la kweli, bodaboda wa kweli na nyumba ya kweli, kila Jumanne kwa wiki nane, na nyumba iwe Mji wa Kale kwa sababu vichochoro vya huko vinaichanganya ramani.

Nyumba niliyoijua Mji wa Kale ni moja tu, ya Bi Mahira, hatua chache kutoka Ndia Kuu, ambako nilipanga chumba cha juu miaka mitatu, na kupanga nasema tu, maana malaria iliponiangusha yeye ndiye aliyenilisha uji wa pilipili manga kwa kijiko siku nne, na Krismasi alinipikia pilau akasema sikukuu ni sikukuu, na siku nilipompikia mutsunga wa kwetu, zile mboga chungu, alikunja uso mpaka macho yakapotea, akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni chakula au ni dawa?" kisha akamaliza sahani. Mwaka jana nikahamia Mbaraki niwe karibu na kazi, yeye alikuwa Lamu harusini, nikamwachia jirani ufunguo nikasema wiki ijayo nitakuja nimuage, wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi ukawa saba, na kadiri siku zilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona haya, mpaka nikawa nikiwa na shughuli mjini napita njia ya mbali nisikutane naye.

Basi Bi Kauthar, nikaandika nyumba yake kuwa nyumba ya majaribio bila kumwomba ruhusa, na kwenye jina la mtumaji nikaandika langu, na ndani ya sanduku tukatia pakiti nne za chumvi ili lipate uzito. Jumanne ya kwanza Ngumbao, ndiye bodaboda wetu, alipeleka, na sanduku lilitakiwa lirudi tupu, kilo moja kwenye mizani ya ofisi, likarudi kilo tatu, na hapo mambo yakaharibika, programu moja ikasema mzigo haujapokelewa, nyingine ikamwandikia Bi Mahira kumwomba radhi kwa kucheleweshewa mzigo alio nao, nyingine ikamwamuru Ngumbao arudi tena. Nilipofungua nikakuta bakuli la mbaazi za nazi limefunikwa kitambaa, na mahamri sita bado yana moto. Ngumbao akasema, "Nimemwambia lirudi hivi hivi, akanijibu kwake yeye chombo hakirudi kitupu, na wewe akakusalimu sana."

Nililia chooni, sitakuficha. Lakini Jumanne ya pili, badala ya kusema ukweli, nilimsubiri Ngumbao langoni nikatoa bakuli kabla sanduku halijapimwa, likaonyesha kilo moja, nikaandika kwenye ripoti kwamba jaribio limefaulu, na nimefanya hivyo mara zote mpaka hii ya nane, viazi vya nazi, samaki wa kupaka, kaimati, na juzi wali kwenye lile bakuli lake la samawati lenye ufa ukingoni analolia mwenyewe, na mabakuli yote nimeyaosha yako juu ya kabati langu, kwa sababu sanduku likienda lazima liwe na uzito ule ule na sikuweza kuyatia humo. Ngumbao anasema chumvi Bi Mahira amezipanga dirishani hajafungua hata moja, na majirani anawaambia kwamba mimi, Sidi, simsahau, na juzi alimwagiza aniambie, "Chumvi imenitosha." Maskini, anashukuru.

Sasa majaribio yamekwisha na mwanzo wa mwezi ujao huduma inafunguliwa kwa Mji wa Kale wote, na Jumanne inayokuja hakuna sanduku. Nikimwambia kwamba zile hazikuwa zawadi bali majaribio, nitamvunja moyo mtu aliyenilea ukubwani, na nikinyamaza atakaa mlangoni angoje kisichokuja. Je, niendelee kumtumia chumvi kwa pesa zangu bila kusema? Sitaki kumpoteza Bi Mahira. Naomba ubadilishe majina, na usinisome redioni, redio yake haizimwi kutwa, gazeti lakini hanunui, husoma tu vipande vinavyofungiwa bajia.

Ni mimi Sidi, Mbaraki.

*

Sidi mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, uniwie radhi. Ya pili sikucheka.

Nianze na kukugombeza ili tukimaliza tuzungumze vizuri. Umechukua nyumba ya mtu ukaifanya uwanja wa majaribio yenu bila hata kubisha hodi. Mama wa watu anaacha jiko lake kila Jumanne kwenda kufungulia mlango pakiti nne za chumvi, na wewe uko Mbaraki watazama kioo cha kompyuta kuona kama amefungua au hakufungua. Hiyo si adabu, na wajua si adabu, ndiyo maana hukumwomba ruhusa.

Sasa hilo la kumvunja moyo. Hebu tulia unijibu. Mtu aletewe chumvi wiki nane, asifungue hata pakiti moja, azipange dirishani, huyo adhani analetewa zawadi? Mwanamke wa Mji wa Kale, ajuaye hidaya inafungwa vipi na inaletwa na nani? Bi Mahira alijua tangu sanduku la kwanza kwamba ile haikuwa hidaya. Ilikuwa ni nini hajui, na sidhani kama yamshughulisha. Alichojua ni kwamba sanduku lina jina lako, na likitoka mlangoni kwake laenda uliko wewe. Basi naye akalitumia.

Wewe mila ya nyumba ile waijua, umeikalia miaka mitatu. Bakuli likija na chakula hurudi, halirudi tupu, na hulirudisha mwenyewe kwa mkono wako. Alituma la kwanza akangoja. Kimya. Akatuma la pili. Mtu mzima mwenye akili zake hampi bakuli la pili aliyekaa na la kwanza, sembuse la saba, ila awe ana lake moyoni. Na hilo la nane, mwanangu, umeliandika katikati ya sentensi kama jambo dogo. La samawati, lenye ufa, analolia mwenyewe. Maana yake kabati lake limekwisha. Hebu niambie, tangu Jumanne Bi Mahira ala kwenye nini?

Na "chumvi imenitosha" si shukrani, ewe mtoto. Amechoka na wajumbe, akutaka wewe mwenyewe.

Mimi kompyuta sizijui, lakini nimeelewa hadithi yako ya bandia inayojibu "sawa, sawa". Kazini mliziondoa, mkaona vurugu, na ile vurugu ndiyo iliyowaonyesha pa kurekebisha. Kisha kwa Bi Mahira ukaziweka tena. Ngumbao akamsalimia kwa niaba yako, chumvi ikamjulia hali, na wewe ukaandika kwenye ripoti kwamba yote ni salama.

Waogopa haya ya miezi saba. Nakuelewa, haya ni kitu kizito, na mimi mwenyewe nimewahi kukata kona kwa ajili yake, mpaka mtu niliyekuwa namkwepa akafa nikabaki na kona zangu. Lakini haya haipungui kwa kungojwa. Huyo mama hajakukasirikia. Aliyekasirika hapiki samaki wa kupaka.

Basi fanya hivi. Kesho Jumamosi usitume mtu yeyote wala kitu chochote. Chukua kapu, tia mabakuli saba uliyoyaosha. Hayo yaende matupu, kaya nzima ya Kaloleni haiwezi kujaza mabakuli manane asubuhi moja na yeye atakusamehe. La nane, la samawati, lijaze mutsunga. Upike mwenyewe, chungu vile vile, usimpunguzie. Panda tuktuk mpaka mwanzo wa Ndia Kuu, kilichobaki ukitembee, na ukifika mlangoni piga hodi ungoje ukaribishwe, hata kama mlango u wazi. Akifungua, usianze na kompyuta. Anza na shikamoo, kisha useme, "Bi Mahira, niliondoka bila kukuaga, nisamehe." Mengine yote, chumvi na mizani na Bwana Arnold, mwambie mkishakaa na kula. Atakuuliza maswali, na pengine atacheka mpaka alie, na pengine atalia bila kucheka. Vyovyote vile kaa hapo hapo usiondoke.

Jumatatu ingia kwa Bwana Arnold umwambie ukweli. Njia ya mwongo ni fupi, na yako yaishia mwanzo wa mwezi. Huduma ikifunguliwa, Bi Mahira mmoja watakuwa mia mbili, kila mmoja atarudisha sanduku na kitu ndani, na hutaweza kusimama langoni ukapokea mabakuli ya mji mzima. Mwambie lile jaribio la kwanza halikuanguka, liliwafichulia jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu ofisini aliyelifikiria, na wewe ukalificha. Atakufokea. Mwache afoke, kisha mkae mzifundishe programu zenu kwamba huku sanduku lililopokelewa laweza kurudi zito, lisirudi tupu.

Na usimtumie chumvi tena, hata ya pesa zako.

La mwisho, na hili ulisome vizuri. Majina tumeyageuza kama ulivyoomba, lakini chumvi za dirishani na mabakuli manane hatukuweza kuyageuza, barua ingebaki haina kitu. Redioni hutasomwa, nakuahidi. Ila gazeti hili latoka leo Ijumaa, na mimi nawajua wauza bajia wa Ndia Kuu, kufikia Jumapili jioni wameshaanza kulikata vipande. Nenda kesho, mwanangu, akusikie wewe mlangoni kabla hajanisoma mimi kwenye mafuta ya bajia.