Mzinga wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 8 Julai
Chai. Uradi. Nimefagia uani. Mikorosho ya hapa Dimani inaanza maua, mzinga unavuma nyuma ya jiko. Eda ikiisha riziki yangu ni huo. Marehemu mume wangu hakuniachia kingine.

Jumatano, 10 Julai
Shemeji Shabani kaingia uani jioni na moshi wake wa kufukizia nyuki. Anajua fika niko eda, siwezi kutoka mbele yake. Nimekaa nyuma ya pazia nasikia kisu kinakata masega. Kaondoka na ndoo, akasema kwa sauti ili nisikie: "Mzinga wa kaka ni wa kwetu."

Hana haya. Nitamkomesha.

Alhamisi, 11 Julai
Nimefunua mfuniko. Kakomba hadi masega ya watoto. Nyuki wapo, malkia yupo, chakula hakuna. Ningewawekea maji ya sukari. Sitaki. Nawataka wakali.

Jumapili, 14 Julai
Kila alfajiri naupiga mzinga kwa mchi, nakimbilia ndani. Wananiuma, potelea mbali. Atarudi yule. Uroho wake naujua.

Ijumaa, 19 Julai
Mama yangu, anayekaa nami eda hii, kauona mkono ulivyovimba. Kasema niwaache nyuki wapumzike, la sivyo watahama. Kesho naupiga tena. Yeye hakukaa nyuma ya lile pazia.

Jumanne, 23 Julai
Karudi! Moshi haujakolea, wamemvaa. Kichwa, masikio, midomo. Kanzu kaitupa migombani, katoka mbio na msuli kiunoni. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Mjane mimi, nacheka hivi. Sijuti hata kidogo.

Jumatano, 24 Julai
Asubuhi wametoka kundi zima. Nimesimama mlangoni nawaona wanavuka ukuta, wanashika njia ya mikorosho. Mzinga mtupu.

Njaa, na kila siku kishindo. Wangejuaje kwamba ugomvi ni wa Shabani? Aliyekuwa akiwagonga ni mimi.

Kundi likitua karibu hukamatwa siku hiyo hiyo. Siwezi kutoka, niko eda. Mama anawaogopa. Mtaani humu anayeijua kazi hiyo ni Shabani peke yake, na macho yake hayafunguki.

Jumamosi, 27 Julai
Shabani kapita nje ya ukuta, katoa salamu. Sauti nzito, midomo bado. Nimeitikia nikiwa ndani.

Namchukia vile vile. Ila uvimbe wake unashuka; riziki yangu hairudi.

Nyuma ya jiko kimya. Mama, aliyewaogopa nyuki, kaanika mchele pale pale.