Ngoma Zangu Zimeokoka

Baba Muthoki,

Maharagwe yameiva, kaanga tu. Nguo zikikauka uzitoe kwenye kamba. Zulia la sebuleni nimelibeba, usilitafute. Pale Burma, kwenye baa tunayopiga leo usiku, sakafu ni vigae, na ngoma kubwa hukimbia mbele kila nikikanyaga pedali.

Ulipotoka kununua maziwa asubuhi alikuja Mzee Mbuthia wa kanisani. Ndiyo, yule yule aliyeniondoa kwenye ngoma mbele ya kanisa zima, akisema mwanamke anayewapigia walevi Jumamosi hawezi kumpigia Mungu Jumapili. Nawe ukatazama viatu vyako. Sijasahau.

Leo amekuja na tabasamu. Ngoma za kanisa zimepasuka na kesho askofu anakuja, kwa hivyo anaomba zangu. Mimi hanitaki, anataka ngoma tu. Atakayepiga ni mpwa wake, yule asiyeweza hata kupiga makofi sawasawa. Kumbe dhambi iko mikononi mwangu, ngoma zenyewe zimeokoka.

Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria.

Atarudi mchana. Usimpe chai, nakujua, utaishia kumwomba msamaha. ~~Mwambie nimesafiri.~~ Mwambie ukweli: ngoma ziko Burma, aje azichukue mwenyewe mbele ya watu tukimaliza kupiga. Na usijisumbue kumwelekeza. Ile meza ya nyuma, karibu na moto wa nyama, ni yake kila Jumamosi.

Kitunguu usikiunguze.

Mama Muthoki