Kaa Wamerudi Mtoni, Baba Salehe

Mpendwa Baba Salehe,

Mto umepona. Nimeanza na habari hii kabla ya salamu kwa sababu ndiyo ungeiuliza kwanza.

Unakumbuka kiwanda cha nguzo za umeme kilipofunguliwa juu ya bonde letu hapa Malindi ya Lushoto? Tulifurahi. Mwanetu Salehe alipata kazi ya kupanga magogo, ukatembea kijiji kizima ukijisifu. Kisha maji yakaanza kuteremka na utando unaong'aa kama mafuta ya taa, yakinuka dawa wanayolowekea nguzo zisiliwe na mchwa. Asubuhi moja tukakuta kaa wamekufa kando ya mto, miguu juu. Uliwaokota, ukawapanga kwenye jani la mgomba, ukanyamaza. Wewe, ambaye hata usingizini ulikuwa unaongea!

Ndipo ulipomfuata yule dada wa ofisi ya maji kule Lushoto mjini, akaja kutufundisha kuupima mto kwa chujio la chai na beseni jeupe. Unageuza jiwe, unakinga kilichojificha chini yake. "Kuna wadudu hawavumilii maji machafu," alituambia. "Ukiwakuta, mto ni mzima. Ukiwakosa, uliza kuna nini." Tangu hapo kila mwezi tulikuwa majini, mimi nimekunja kanga, wewe umekunja suruali. Wakulima wa ng'ambo walikutania: "Baba Salehe, leo mboga ni wadudu?" Nawe ukawajibu, "Njooni na ugali!"

Halafu moyo wako ukachoka, mgoshi wangu, mume wangu, ukatutoka mto ukiwa bado mgonjwa.

Nilipomaliza eda nilishuka mtoni na beseni letu. Mama Neema, jirani yetu wa karibu na kanisa, alinikuta nimesimama tu, nimeshindwa kugeuza hata jiwe moja. Akavua viatu. "Nimechoka kunywesha ng'ombe maji ninayoyaogopa," alisema. "Nionyeshe." Wanawake wengine nao wakaja, tukawa kikundi.

Tulichokiona, mawe yasiyo na mdudu hata mmoja, tulikipeleka kwenye mkutano wa kijiji, na yule dada wa maji akaja. Meneja wa kiwanda akasimama, akasema, "Hizo ni dawa zenu za kabichi. Msitusingizie."

Watu wakainamisha vichwa, maana kweli bomba zetu za kupulizia tulikuwa tunaoshea mtoni. Mimi nilikuwa namtazama Salehe, amesimama na wafanyakazi wenzake. Nikifungua mdomo, nilijua kazi yake iko mashakani. Nikainuka.

"Shikamooni wazee. Meneja, upande mmoja umesema kweli. Bomba zetu tunaoshea mtoni, na kuanzia leo tunaacha. Lakini kati ya kiwanda chako na shamba la kwanza kuna kipande cha msitu. Hapo hakuna kabichi hata moja. Twende tukaangalie hapo."

Tukaenda wote, mpaka mwenyekiti. Juu ya kiwanda kila jiwe lilikuwa na uhai: konokono, kereng'ende wachanga ambao hawajaota mabawa, kaa wadogo wanaokimbia. Chini ya kiwanda, mle msituni, mawe yalikuwa yanateleza na kunuka, na beseni likabaki tupu.

"Wanawake hawa hawajui kutafuta," meneja akasema.

Salehe akavua buti. Akaingia majini mbele ya bosi wake, akageuza jiwe, akageuza lingine, akaendelea mpaka mikono ikawa myekundu kwa baridi. "Hakuna kitu, bosi," akasema. "Na tunakomwagia mabaki ya dawa ni hapo juu. Mimi mwenyewe nimetumwa kumwaga."

Dada wa maji alichukua maji kwenye chupa zake, yakapimwa, na majibu yakawa yale yale tuliyoyaona kwa macho. Kiwanda kikaamriwa kisimwage hata tone mpaka kijenge mabwawa ya kusafishia.

Salehe aliachishwa kazi. Tulilima naye viazi, na hakunilaumu hata kwa jicho. Mabwawa yalipokamilika, meneja mpya alimfuata hapa nyumbani, akaketi kwenye kigoda chako, akamwomba arudi awe msimamizi wa mabwawa hayo. Kwa hiyo, Baba Salehe, anayeyalinda maji yetu kiwandani leo ni mwanao.

Mto ulichukua muda. Kwanza harufu ikaisha, kisha wakaja konokono. Juzi, mle mle msituni, nimegeuza jiwe nikamkuta kaa jike amebeba watoto tumboni. Nikapiga kigelegele peke yangu. Mama Neema akaitikia kutoka shambani kwake, na ng'ambo wakapokea, mpaka bonde zima likavuma, wengine wakidhani kuna harusi.

Bado nakukosa, hasa saa za chai. Lakini silii tena ninaposhuka mtoni. Wanawake wa Mlalo wametuita tukawafundishe kuupima mto wao, na kesho tunaondoka. Wamesema mwalimu mkuu ni mimi! Nimeshajiandalia gauni la bluu, lile ulilosema linanifanya nionekane mtu wa serikali.

Mwenyezi Mungu akupumzishe pema. Sisi huku tumeshinda.

Mkeo,
Mama Salehe