Kibuyu cha Mfinyanzi

Mjukuu wangu Diane,

Huku Kagarama tuko wazima. Mama yako mdogo amejifungua, na Jumapili tunambatiza mtoto. Umeniuliza kama zamani tuliamini kweli kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu. Kanisani, tuliamini.

Mwaka 1991, mama yako alipobatizwa, tulitoka misani tukakaa kunywa pombe ya ndizi, tukipokezana mrija mmoja. Mfinyanzi wetu, mama mmoja Mtwa, wa kabila lililodharauliwa na wengine, alitengewa kibuyu chake, maana hakuna aliyekubali kunywa baada ya Mtwa. Akauliza, "Asubuhi tumekula mwili wa Bwana pamoja. Hii pombe iko takatifu kuliko ule?"

Mama yangu akachukua kile kibuyu, akanywa, akapangusa midomo.

"Pombe ni ileile," akasema.

Bibi yako